Mbwa mchanga asiyetulia: kusoma dalili na kupata chanzo

Mwenye mbwa mchanga asiyetulia kwa kawaida huanza kwa kutafuta namna ya kumchosha. Asubuhi anamkimbiza, mchana anamrushia mpira, jioni anamtoa tena, na bado ikifika saa mbili usiku mbwa yuko juu ya kochi anararua mto. Mwishowe mwenyewe anakata tamaa na kusema mnyama huyu amezaliwa hivyo. Inaniuma kuona mbwa wazuri wakifungwa mnyororo au kugawiwa watu kwa kosa ambalo si lao. Wengi wao hawana nguvu za ziada. Wana upungufu wa usingizi, au wamegundua kwamba fujo huwaletea wanachotaka upesi kuliko utulivu, au kuna kitu mwilini kinachowasumbua. Kwa macho vyanzo hivi hufanana sana, lakini dawa ya kimoja inaweza kuzidisha kingine. Ukimkimbiza mbwa aliyekosa usingizi, unamwongezea tatizo.

Kabla ya kurekebisha chochote

Kwa siku tatu nne usibadilishe kitu. Chukua daftari, na kila fujo inapotokea andika saa, kilichotangulia na kilichofuata. Watu huandika mawili ya kwanza wakasahau la tatu, ilhali hilo ndilo linaloeleza zaidi. Mbwa hurudia kile kilichomlipa. Akibweka ukamgeukia na kumkaripia, umemtazama na umezungumza naye, na huenda hicho ndicho alichokuwa akikitafuta. Akinyakua soksi na nyumba nzima ikamfuata mbio, amepata mchezo ambao hakuna kichezeo kinachoweza kuushinda. Baada ya siku chache utaona kwamba fujo zina saa zake na vichocheo vyake.

Jua pia lipi ni la kawaida. Mbwa mchanga kukurupuka ghafla, kukunja mgongo, kuzunguka chumba kwa kasi kwa dakika moja au mbili kisha kujibwaga chini akihema, si ugonjwa wala ukaidi. Hutokea sana baada ya kuogeshwa, baada ya kujisaidia na nyakati za jioni. Ondoa vitu vinavyoweza kuanguka, mwache amalize, usimfukuze. Na kama umechukua mbwa wa aina ya Border Collie, Malinois au Jack Russell, kumbuka kwamba mbwa hawa walizalishwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya kazi inayotaka mnyama mwepesi wa kushtuka na mgumu wa kuchoka. Kwao utulivu hauji wenyewe kwa umri, ni somo la kufundishwa kama masomo mengine.

Dalili: kila jioni anageuka mbwa mwingine

Mchana alikuwa mpole. Jua likizama anaanza kuparamia viti, anang'ata vifundo vya miguu, anabweka bila sababu, na amri ya "keti" aliyoijua asubuhi ni kama hajawahi kuisikia. Mwenye mbwa hudhani bado ana nguvu, anamtoa nje tena. Mbwa anarudi amepamba moto zaidi.

Chanzo kinachoongoza hapa ni uchovu. Mtoto wa mbwa huhitaji kulala saa 18 hadi 20 katika kila saa 24, na mbwa mzima saa 12 hadi 14. Sasa hesabu saa ambazo wako amelala kweli, macho yamefumba na mwili umelegea. Katika nyumba yenye watoto, televisheni, mlango unaofunguliwa kila mara na mtu anayempapasa kila akipita, mbwa mchanga anaweza kupata nusu tu ya hizo. Naye hufanya kama mtoto wa binadamu aliyepitisha saa yake ya kulala: badala ya kusinzia, anapandwa na kiruu.

Kuna jaribio rahisi la kuthibitisha. Fujo ikianza, usimtoe matembezi. Mtoe ajisaidie tu, kisha mpeleke mahali tulivu penye mwanga hafifu, mpe kitu cha kutafuna, mwache. Akilala ndani ya robo saa, jibu umelipata. Asipolala, akaendelea kukutazama na kukuletea vitu, huenda ameboreka, na hapo kazi ya pua nitakayoieleza hapa chini itamfaa. Tofauti nyingine ni jinsi anavyocheza. Aliyeboreka ukimpa kazi huishika na kuikamilisha. Aliyechoka huichukua, huiacha, hushika nyingine, huiacha, na meno yake huzidi kuuma.

Dawa ya mbwa aliyechoka ni kupangiwa usingizi. Kwa mtoto wa chini ya miezi 4, mtindo unaofaa wengi ni saa moja macho na saa mbili kupumzika, mchana kutwa. Muda wa kuwa macho unaongezwa kadiri anavyokua. Hatalala kwa kuombwa, kwa hiyo mwandalie mahali pake: chumba kisichopitwa na watu, kona iliyozungushiwa uzio mdogo, au kizimba kikubwa cha kutosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Kizimba kisitumike kamwe kama jela. Kwa siku za kwanza mlango ubaki wazi, mlishe humo humo, mtupie vipande vya chakula humo bila kusema kitu, na ufunge kwa dakika chache tu pale anapoingia mwenyewe na kulala. Watoto wa nyumbani wapewe sheria moja isiyo na msamaha: mbwa akiwa mahali pake, haguswi wala haitwi.

Sheria hiyo ya watoto naisisitiza kuliko amri yoyote utakayomfundisha mbwa. Nyumba nyingi zingepata nafuu kwa hiyo peke yake.

Dalili: anapewa mazoezi mengi na bado hatulii

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni mpira. Kurusha na kuleta, kurusha na kuleta, kwa nusu saa nzima, humpandisha mbwa msisimko bila kumpa nafasi ya kushuka, na baada ya mchezo mwili huchukua muda mrefu kurudi chini. Ukifanya hivyo kila siku, moyo na mapafu yake yanaimarika na kesho atahitaji zaidi. Unamlea mwanariadha halafu unashangaa kwamba hachoki.

Punguza mpira, ongeza pua. Mwaka 2019 watafiti Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha matokeo ya mbwa wa nyumbani waliofanyishwa kazi ya kunusa kwa wiki mbili. Walipowekewa bakuli mahali ambapo hakukuwa na uhakika kama lina chakula, mbwa hao walilikaribia upesi zaidi kuliko walivyofanya mwanzoni, ishara ya mnyama anayetarajia mema. Wale waliofundishwa kutembea sambamba na mguu wa mwenyewe kwa muda huo huo hawakubadilika hivyo.

Nyumbani hili halihitaji vifaa. Chukua sehemu ya chakula chake cha siku na uitawanye kwenye nyasi aitafute. Kiviringishe ndani ya taulo kuukuu. Weka maboksi matupu matano, moja lina kitu. Matembezi nayo yabadilike: kamba iwe ndefu, mita 3 hadi 5, mwendo wa polepole, na yeye ndiye achague pa kusimama na kunusa. Dakika 20 za namna hiyo hufanya kazi ambayo saa nzima ya kukimbia haiwezi kufanya. Ukitazama vizuri utaona anapumua tofauti, kichwa kiko chini, mkia umelegea.

Kuna sababu nyingine ya kutomkimbiza sana. Mifupa ya mbwa mchanga hukua kutoka kwenye gegedu laini karibu na ncha zake, na kwa mbwa wa maumbo makubwa sehemu hizo zinaweza kuchelewa kufunga hadi miezi 18 hivi. Kumkimbiza pembeni mwa baiskeli au kumrukisha vizuizi mara kwa mara kabla ya umri huo ni kuhatarisha viungo vyake. Joto pia lina hesabu yake, maana mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema. Wenye pua fupi huzidiwa upesi, na kwao mchana wa jua kali ni wa kulala.

Haki lazima isemwe upande wa pili vilevile. Wapo mbwa ambao kweli hawapati mwendo wowote. Mbwa anayeshinda amefungwa, anafunguliwa usiku azunguke ua ule ule, hajawahi kunusa njia nyingine, ataruka na kubweka akiona binadamu, na hakuna mbinu ya mafunzo itakayoziba pengo hilo. Huyo aanzwe na matembezi, kila siku, kabla ya kitu kingine.

Dalili: anarukia kila anayeingia

Mbwa hupenda kusalimia usoni, na uso wa binadamu uko juu. Akiruka, kitu hutokea: anashikwa, anasukumwa, anapigiwa kelele. Yote hayo kwake ni mapokezi. Hata kumsukuma kifuani huwa mwaliko wa mieleka.

Fanya mlipo uje tu miguu yote minne ikiwa chini. Akiruka, geuka pembeni, kunja mikono, usiseme neno. Miguu ikigusa sakafu, hapo hapo inama na umsalimie kwa sauti ya chini. Mgeni anapokuja, mfunge kamba kabla ya mlango kufunguliwa, na mtu mmoja atawanye vipande vya chakula sakafuni wakati mgeni anapita. Mbwa anayeokota chini hawezi kuruka kwa wakati huo huo, na taratibu anazoea kuangalia chini wageni wanapofika.

Kinachoharibu somo hili ni mtu mmoja wa nyumbani anayependa kurukiwa. "Mwacheni, mimi hanisumbui." Tabia inayolipwa siku nyingine na siku nyingine isilipwe hung'ang'ania kuliko inayolipwa kila siku, kwa sababu mbwa hujifunza kuendelea kujaribu. Kwa hiyo kaeni mkubaliane kabla hamjaanza.

Dalili: anang'ata mikono, nguo na samani

Tazama umri kwanza. Meno ya utotoni ni 28, huanza kung'oka karibu na mwezi wa 4, na kufikia mwezi wa 6 au 7 yale 42 ya ukubwani yamekwisha kuota. Katika kipindi hicho ufizi unawasha na unauma, na mbwa hutafuna kwa sababu kutafuna kunampa nafuu. Mpe kitambaa kilicholowekwa maji na kugandishwa, au kichezeo cha mpira kinachobonyea. Kipimo changu ni ukucha wa kidole gumba: kama hauwezi kuacha alama juu ya kitu, kitu hicho ni kigumu mno kwa meno yake. Mifupa iliyopikwa asipewe kabisa, hupasuka vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo.

Chanzo cha pili ni mchezo. Watoto wa mbwa hufundishana nguvu ya kung'ata: mmoja akizidisha, mwenzake hulia na kuacha kucheza. Aliyetengwa na mama na ndugu zake kabla ya wiki ya 8 mara nyingi hukosa somo hilo, nawe unalazimika kulimalizia. Meno yakikuuma, mchezo usimame. Nyanyuka, ondoka au vuka upande wa pili wa uzio kwa sekunde 15 au 20, halafu rudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Usichomoe mkono kwa kasi, kwa sababu kinachokimbia hufukuzwa. Na kama kuna mtu anayecheza naye mieleka kwa mikono mitupu, aache leo. Mikono iwe ya kupapasa na kulisha, kung'ata kuwe kwa kamba na vichezeo.

Kuna kung'ata kusikohusiana na utundu. Mwili umekakamaa, macho yamekodoa upande, ananguruma juu ya bakuli au mfupa. Huyo anaogopa kunyang'anywa. Usimwadhibu kwa kunguruma, maana ngurumo ni onyo na ukiinyamazisha utabaki na mbwa anayeuma bila kuonya. Msogeze mbali na watoto na utafute daktari wa mifugo au mwalimu wa mbwa anayetumia zawadi. Hata mbwa mwema asiachwe peke yake na mtoto mdogo.

Dalili: akiachwa peke yake analia na kuharibu

Acha simu ikirekodi video ukitoka. Bila video utakisia tu, na hapa kukisia vibaya kuna gharama.

Ukiona amelala saa nzima, kisha akaamka, akanyoosha miguu, akatafuta cha kutafuna na kuangukia kiatu, ameboreka. Ficha viatu, mwachie chakula ndani ya kichezeo cha kulambwa, mtembeze kabla hujatoka. Ukiona ameanza kuhangaika dakika za mwanzo tu, anazunguka, anadondosha mate, anakwaruza mlango uliotokea, amejikojolea na chakula ulichomwachia hajakigusa, hiyo ni hofu ya kuachwa. Kumfungia kizimbani kunaizidisha, na wapo waliovunja meno wakijaribu kutoka.

Hofu hiyo hutibiwa kwa kutoka kidogo kidogo. Shika funguo, keti tena. Fungua mlango, funga, rudi. Toka kwa sekunde tano, rudi kabla hajashtuka. Muda uongezwe pale tu anapobaki ametulia, na katika siku hizo usimwache peke yake zaidi ya anavyoweza, hata ikibidi kumwomba jirani akae naye. Ni kazi ya wiki nyingi. Akizidiwa kabisa, daktari wa mifugo anaweza kuongeza dawa ya kushusha hofu ili mafunzo yapate kushika.

Dalili: alikuwa msikivu, sasa ameziba masikio

Ana miezi mingapi? Kati ya mwezi wa 6 na wa 18 hivi mbwa hupita balehe, na kwa maumbo makubwa hali hiyo inaweza kuendelea mpaka mwaka wa 2 au zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Newcastle, Nottingham na Edinburgh walionyesha kwamba mbwa wa miezi 8 walikuwa wagumu kutii amri ya kukaa kutoka kwa mlezi wao kuliko walipokuwa na miezi 5, ilhali kwa mtu mgeni hawakuwa wagumu hivyo. Wengi wao walikuwa wamerudia usikivu wao walipofikisha mwaka. Mbwa wako hajakudharau, anakua.

Katika miezi hii rudi darasa la chini. Amri chache, zawadi nono, mahali pasipo na vishawishi. Nje mfunge kamba ndefu, usimwite "njoo" pale ambapo unajua hatakuja, kwa sababu kila wito usiojibiwa unamfundisha kwamba wito huo hauna maana. Kuhasi kunaweza kupunguza kuzurura na kuweka alama za mkojo, lakini hakumfundishi mbwa kutulia. Zungumza na daktari kuhusu umri unaofaa kwa umbo lake.

Kuvuta kamba ni ndugu wa dalili hii. Akivuta, simama. Kamba ikilegea, endelea. Mfungie mkanda wa kifuani ili koo lisiumie. Akiona mbwa mwingine na kuanza kurukaruka, tatizo ni umbali: rudi nyuma mpaka anaweza kumwona mwenzake na bado akala kutoka mkononi mwako, ufundishe kuanzia hapo.

Lini daktari aje kwanza

Mbwa anayewashwa na viroboto hawezi kutulia, hata umfundishe vipi. Vivyo hivyo mwenye minyoo, masikio yenye uvimbe, tumbo linalomsokota au maumivu ya kiungo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya mafunzo iwapo hali imebadilika ghafla, iwapo hapumziki hata usiku, anafukuza mkia wake bila kuacha, anadaka hewani vitu visivyokuwepo, anajilamba mahali pamoja mpaka manyoya yanatoka, au anakonda huku anakula. Kama amekula chokoleti au kahawa akaanza kutetemeka na moyo kwenda mbio, ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Upo pia ugonjwa halisi wa mbwa kushindwa kutulia hata mahali pasipo na kichocheo chochote, moyo ukidunda kwa kasi muda wote. Ni wa nadra sana, hutambuliwa na daktari na hutibiwa kwa dawa. Wengi wanaodhaniwa kuwa nao hawana.

Na jambo moja lisilosubiri: mbwa asiyechanjwa akibadilika tabia ghafla, akidondosha mate, akishindwa kumeza au akishambulia ovyo, usimshike. Mtenge, ita daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaonekana kwa binadamu.

Kumfundisha utulivu wenyewe

Baada ya kupata chanzo, bado kuna somo ambalo karibu kila mbwa mchanga amelikosa. Tunamwona akifanya fujo, akilala kimya tunampita. Anza kugeuza hilo leo. Akiwa amejilaza mwenyewe, sogea taratibu, weka kipande cha chakula katikati ya miguu yake ya mbele, ondoka bila neno. Usimsifu kwa sauti ya furaha, utamnyanyua. Weka kibakuli cha vipande vyake kila chumba ili usikose nafasi. Chakula hicho kitoke kwenye mgawo wake wa siku, asije akanenepa. Ukitumia siagi ya karanga kwa kulamba, soma lebo kwanza: sukari mbadala iitwayo xylitol huwaua mbwa. Vitunguu, zabibu na chokoleti vikae mbali pia.

Kisha mkeka. Tandika kitambaa kimoja maalumu, usimame karibu nacho, subiri. Akikitazama au kukikanyaga, tupia kipande juu yake. Akikaa, kingine. Akilala, vitatu mfululizo, kimoja kimoja, polepole. Baada ya dakika tatu mwambie "haya", tupia kipande mbali ili ainuke, kunja mkeka. Mkeka usiwe chini wakati wote, uonekane pale tu somo lipo. Angalia nyonga zake: akilala amejiinua kama anayetaka kuruka bado anangoja kazi, akilalia ubavu mmoja ameanza kulegea. Mlipe zaidi kwa ule ubavu.

Amri ya neno iongezwe baadaye, akishakuwa anauendea mkeka mwenyewe. Hapo ndipo unaanza kuleta ugumu, kimoja kwa wakati: hatua moja mbali naye, kisha mbili, kisha unapita nyuma ya mlango na kurudi, kisha mtu mwingine anapita, kisha mlango unagongwa. Akiinuka, usimkaripie, umeruka daraja. Rudi nyuma moja.

Watu huuliza kama fimbo isingeharakisha mambo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto nchini Ureno walilinganisha mbwa 92 kutoka shule za mafunzo za mitindo tofauti. Waliofundishwa kwa maumivu na vitisho walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakiwa mafunzoni, na homoni ya msongo iitwayo kotisoli ilipanda zaidi kwenye mate yao baada ya somo. Mbwa wako tayari ana msisimko asioweza kuushusha. Kumtia hofu juu yake ni kumwagia mafuta motoni, hata kama kwa dakika tano atakuwa kimya.

Jiandae kwa siku ambazo hali itazidi kabla ya kupungua. Mbwa aliyezoea kubweka mpaka ajibiwe, ukiacha kujibu atabweka kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu njia iliyofanya kazi siku zote imegoma. Ukisalimu amri hapo, umemfundisha kwamba kelele kubwa ndiyo kiwango kipya. Kama hutaweza kuvumilia siku hiyo, kwa sababu kuna mgonjwa nyumbani au majirani wamelala, ni bora umtoe mapema kabla hajaanza kubweka kuliko kumjibu katikati.

Mkeka ukishashika ndani ya nyumba, upeleke barazani, kisha uani, kisha mahali watu wanapopita kwa mbali. Kila mahali papya anza tena kana kwamba hajui kitu, kwa vipande vingi na muda mfupi, maana kwa mbwa kulala juu ya mkeka sebuleni na kulala juu yake barabarani ni masomo mawili. La pili atalijifunza upesi kuliko la kwanza.